Waliowahi kuwa wapiganaji wa RAF waliishije baadaye? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mkasa wa ndege iliyotekwa na kushushwa Entebbe, Uganda, mwaka 1976 unapozungumzwa kwetu, hakosi mtu wa kuuliza: wale Wajerumani walikuwa wanatafuta nini pale? Swali hilo huzaa jingine, hadi tunafika kwenye lile ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Mtu aliyeua, au aliyesaidia kuua, kwa jina la mapinduzi, kisha akaacha, anarudi vipi kuishi na watu? Ujerumani imekuwa ikihangaika na swali hilo kwa zaidi ya miaka 40. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

RAF walikuwa nani, na kwa nini vijana wa nchi tajiri walishika silaha?

RAF ni kifupi cha jina la Kijerumani lenye maana ya Kikosi cha Jeshi Jekundu, kundi la siri la mrengo wa kushoto lililoshika silaha Ujerumani Magharibi. Wenyewe walihesabu siku yao ya kuzaliwa kuwa 14 Mei 1970, siku Andreas Baader, mmoja wa waasisi wake, alipotoroshwa kwa mtutu wa bunduki mjini Berlin akiwa chini ya ulinzi. Walijitangaza kuwa wamevunja kundi mwaka 1998. Katika miaka hiyo 28 waliua zaidi ya watu 30.

Sababu zao haziwezi kueleweka bila kuitazama Ujerumani Magharibi ya baada ya vita. Hitler alikufa mwaka 1945, lakini majaji wengi, maprofesa na maofisa wa polisi waliomtumikia walibaki ofisini au walirudi baada ya muda mfupi. Watoto waliozaliwa baada ya vita walikua katika nyumba ambamo baba hakusema alikuwa wapi mwaka 1942. Silke Maier-Witt, ambaye nitamrudia sana hapa chini, alizaliwa mwaka 1950. Baba yake alikuwa katika SS, jeshi la chama cha Hitler, na nyumbani jambo hilo halikuzungumzwa.

Kisha ikaja 2 Juni 1967. Mwanafunzi Benno Ohnesorg aliuawa kwa risasi ya polisi katika maandamano ya kumpinga Shah wa Iran mjini Berlin Magharibi, na askari aliyempiga akaachiwa na mahakama. (Mwaka 2009 nyaraka zilionyesha kuwa askari huyo alikuwa pia mtoa habari wa Stasi, idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki. Wakati ule hakuna aliyejua.) Vijana wengi waliandamana, wachache wakahitimisha kwamba dola ile ni ufashisti uliovaa suti mpya na dawa yake ni bunduki.

Sababu hizi zinaeleza, hazihalalishi. Tarehe 5 Septemba 1977 walimteka mjini Köln Hanns Martin Schleyer, kiongozi wa waajiri na kweli ofisa wa zamani wa SS. Ili wampate yeye waliwaua papo hapo dereva wake Heinz Marcisz na askari watatu: Reinhold Brändle, Helmut Ulmer na Roland Pieler. Pieler alikuwa na umri wa miaka 20. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyemtumikia Hitler hivi kwamba astahili kufa barabarani miaka 32 baada ya vita.

Kulikuwa na RAF tu?

Hapana. Kulikuwa na Vuguvugu la 2 Juni mjini Berlin, lililochukua jina lake kutokana na siku aliyouawa Ohnesorg, na kulikuwa na Seli za Kimapinduzi, ambazo wanachama wake wengi walibaki kazini na majumbani huku wakitega mabomu kwa siri.

Wanahusikaje na Afrika Mashariki?

Kwa njia tatu, zote katika miezi 22.

Januari 1976 Wajerumani wawili na Wapalestina watatu walikamatwa Nairobi wakishukiwa kupanga kuitungua ndege ya shirika la Israeli, na wakapelekwa Israeli kimyakimya. Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa na kushushwa Entebbe. Watekaji wawili walikuwa Wajerumani wa Seli za Kimapinduzi, Wilfried Böse na Brigitte Kuhlmann. Huko, katika jengo la zamani la uwanja, Waisraeli walitengwa na abiria wengine. Watu waliosema wameshika silaha kwa sababu ya dhambi za wazazi wao sasa wakawa wanaita majina ya Wayahudi na kuwaweka upande. Komandoo wa Israeli walivamia usiku wa kuamkia 4 Julai na wote wawili wakauawa. Oktoba 1977 ikafuata ndege ya Lufthansa, Landshut, iliyotekwa na Wapalestina kuwashinikiza Wajerumani wawaachie wafungwa wa RAF, ikaishia Mogadishu. Kikosi cha Ujerumani kiliwaokoa abiria wote kwa ruhusa ya Rais wa Somalia, Siad Barre. Rubani Jürgen Schumann alikuwa ameshauawa Aden.

Entebbe iliwavunja moyo baadhi ya wenzake Böse na Kuhlmann. Hans-Joachim Klein, aliyejeruhiwa tumboni katika shambulio la mkutano wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, mjini Vienna mwaka 1975, alilitumia gazeti la Der Spiegel barua mwaka 1977 pamoja na bastola yake, akaonya kwamba kuna mpango wa kuwaua viongozi wawili wa jumuiya ya Wayahudi Ujerumani. Kisha akatoweka kwa miaka 21. Alikamatwa mwaka 1998 katika kijiji cha Normandy, Ufaransa, akahukumiwa miaka 9 mwaka 2001, akatoka 2003, na mwaka 2009 akapewa msamaha. Alikuwa akijificha pande mbili: asikamatwe na polisi, na asiuawe na wenzake wa zamani.

Waliochoka walitokaje? Si walikuwa wanatafutwa kila kona?

Walikuwa wanatafutwa kweli. Picha zao zilibandikwa posta, benki, vituo vya treni na kwenye vibanda vya polisi: safu za nyuso za kijana na binti, zenye urefu, rangi ya macho na zawadi ya fedha. Mmoja akikamatwa au kufa, uso wake ulipigwa mkwaju wa kalamu.

Mwaka 1980 RAF ilikuwa na wanachama wanane wasiotaka tena vita lakini wasio na pa kwenda. Walijua mno kuachwa wazurure, na hakuna aliyetaka kuwaua. Wenzao wakagonga mlango wa Stasi. Msomaji wa Zanzibar anaijua Stasi kwa upande mwingine: baada ya Mapinduzi ya 1964 wataalamu wake walikuja Unguja kusaidia kujenga idara ya usalama. Huko kwao, idara hiyohiyo iliwapokea wanane hao, na mwaka 1982 wakaongezeka wawili, Inge Viett na Henning Beer. Jumla 10.

Walipewa majina mapya, vyeti vipya, na historia ya kubuni: ni watu wa Magharibi waliochoshwa na ubepari wakaamua kuhamia kwenye ujamaa. Wakagawiwa miji, vyumba, kazi. Ofisa wa Stasi aliwatembelea mara kwa mara. Walikatazwa kuonana wao kwa wao, na kuandika nyumbani kulikuwa hatari.

Maisha yao ya huko yalikuwaje?

Ya kawaida mno, na hapo ndipo ninapowaza sana. Watu walioitia hofu serikali nzima sasa walipanga foleni ya nyama, walilipa ada ya chama cha wafanyakazi, walikaa kwenye mikutano ya kiwanda wakisikiliza takwimu za uzalishaji.

Silke Maier-Witt aliitwa Angelika Gerlach na kufanya kazi ya uuguzi Erfurt. Tuuangalie mkono wake kwa karibu. Mwaka 1977 alikuwa akifuatilia nyendo za Schleyer kabla ya utekaji, na tarehe 19 Oktoba ndiye aliyepiga simu kwenye shirika la habari kutoa tangazo kwamba baada ya siku 43 Schleyer ameuawa. Maiti ilikutwa kwenye buti la gari, Mulhouse, Ufaransa. Miaka michache baadaye mkono ule ule ulioshika simu unabadilisha bandeji za wagonjwa wasiomjua.

Katikati ya miaka ya 1980 habari zikavuja Magharibi kwamba mwanamke anayefanana naye anaonekana Erfurt. Stasi wakamtoa haraka. Marafiki, kazi, chumba, vyote aliviacha bila kuaga. Akafanyiwa upasuaji wa uso, akapewa jina la tatu, Sylvia Beyer, akapelekwa Neubrandenburg kufanya kazi katika kiwanda cha dawa. Hebu fikiria: mara ya kwanza alimwacha Silke kwa hiari yake. Mara ya pili alinyang'anywa Angelika, mwanamke ambaye hakuwahi kumdhuru mtu.

Susanne Albrecht, aliyewaingiza wauaji nyumbani kwa Jürgen Ponto, mkuu wa Dresdner Bank na rafiki wa familia yake, Julai 1977, akiwa na maua mkononi, huko Mashariki aliolewa na kuzaa mtoto wa kiume. Tatizo lake lilikuwa televisheni. Watu wa Mashariki walitazama stesheni za Magharibi kila jioni, na picha yake ilipita humo.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka?

Stasi ilisambaratika na kinga yao ikaisha. Kuanzia 6 Juni 1990, alipokamatwa Albrecht mjini Berlin, walizolewa mmoja baada ya mwingine ndani ya siku chache. Maier-Witt alikamatwa tarehe 18. Majirani waliwaona kwenye magazeti asubuhi: mama wa mtoto anayesoma na wangu, mwenzangu wa zamu ya usiku.

Wengi wao walizungumza mahakamani. Mwaka 1989 ilikuwa imepitishwa sheria ya kumpunguzia adhabu mshtakiwa anayetoa ushahidi dhidi ya wenzake, na hilo lilisaidia. Lakini sidhani ilikuwa hesabu ya miaka tu. Werner Lotze alikiri kwamba mwaka 1978 alimuua askari Hans-Wilhelm Hansen karibu na Dortmund, kosa ambalo bila yeye kulisema lingekuwa gumu kuthibitishwa. Maier-Witt alipata miaka 10, Albrecht 12. Si wote kumi walioshtakiwa, kwa kuwa si kila mmoja alikuwa na kosa zito la kushtakiwa.

Kifungo cha maisha Ujerumani si cha maisha?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na ninaielewa. Mwaka 1977, mwaka uleule wa damu, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba hata mfungwa wa maisha lazima abaki na tumaini la kweli la kuuona uhuru tena, maana utu wa binadamu haufutwi na kosa lake. Baadaye sheria ikasema baada ya miaka 15 kesi yake inaweza kuangaliwa, na kama uzito wa hatia ni wa pekee anakaa zaidi. Kwa wafungwa wa RAF, Brigitte Mohnhaupt alitoka Machi 2007 baada ya miaka 24. Christian Klar alitoka Desemba 2008 baada ya 26. Birgit Hogefeld, wa mwisho, mwaka 2011.

Njia nyingine ni msamaha wa Rais. Marais kadhaa waliutoa kwa wafungwa wa RAF. Horst Köhler alionana na Klar mwenyewe, kisha Mei 2007 akamnyima. Aliachiwa na mahakama mwaka uliofuata kwa masharti, si kwa msamaha.

Naungana na mahakama ile. Nchi iliyowahi kuendesha kambi za mauaji ilichagua kutomzika mtu akiwa hai, hata aliyeipiga vita, na ikayachagua hayo ndani ya mwaka ambao umati ulikuwa unadai vitanzi.

Walipata kazi?

Ilitegemea nani aliyethubutu kuwaajiri. Astrid Proll, mmoja wa wa mwanzo kabisa, alikimbilia London mwaka 1974, akaishi kwa jina la bandia na kuwafundisha vijana ufundi wa magari hadi alipokamatwa 1978. Aliporejea na kumaliza kesi yake aliingia kwenye kazi ya uhariri wa picha. Karl-Heinz Dellwo, aliyekuwa katika uvamizi wa ubalozi wa Ujerumani Stockholm mwaka 1975, alitoka baada ya miaka 20 akawa mtengenezaji wa filamu za kumbukumbu na mchapishaji. Mwenzake wa kesi ileile, Lutz Taufer, alikwenda Brazili kufanya kazi ya maendeleo katika mitaa ya mabanda ya Rio de Janeiro kwa miaka kadhaa. Klar aliahidiwa nafasi ya mafunzo katika jumba la maigizo Berlin. Kelele zilizozuka zilifanya asiichukue. Albrecht alifundisha watoto wa wahamiaji lugha ya Kijerumani huko Bremen, na ilipojulikana mwaka 2007 palikuwa na mvutano wa kisiasa. Alibaki.

Ila kuna kundi lisilotajwa. Tangu Januari 1972 kulikuwa na agizo la Chansela Willy Brandt na mawaziri wakuu wa majimbo la kuchunguza itikadi za kila anayeomba kazi serikalini. Takriban watu milioni 3.5 walichunguzwa. Zaidi ya elfu moja walikataliwa, wengine wakafukuzwa: walimu, watu wa posta, madereva wa treni, ambao kosa lao lilikuwa kadi ya chama au kusimama kwenye maandamano. Samaki mmoja akioza, wote wameoza, ndivyo ilivyotumika. Wapo wazee Ujerumani leo ambao pensheni yao ni ndogo kwa sababu ya agizo lile, na hawakuwahi kugusa bunduki.

Wote walijuta?

La. Inge Viett, aliyemlemaza askari kwa risasi jijini Paris mwaka 1981, alitoka jela 1997 na hadi kifo chake mwaka 2022 hakuikana njia ile. Horst Mahler, wakili aliyekuwa miongoni mwa waasisi, alivuka hadi upande wa pili kabisa: akawa wakili na msemaji wa mrengo mkali wa kulia, akakanusha mauaji ya Wayahudi, akafungwa tena na tena kwa hilo, akafa mwaka 2025.

Na kuna Peter-Jürgen Boock, ambaye kisa chake kinaniumiza. Oktoba 1986 RAF walimuua mwanadiplomasia Gerold von Braunmühl mbele ya nyumba yake Bonn. Ndugu zake hawakuitisha kisasi. Waliwaandikia wauaji barua ya wazi gazetini, wakiwauliza kwa hoja, sentensi kwa sentensi: mnajipa haki hii kutoka wapi? Walipotunukiwa tuzo kwa barua hiyo, fedha walizielekeza kwenye gharama za utetezi wa Boock, aliyekuwa ameachana na RAF na kudai hakuua. Mwaka 1992 Boock alikiri kwamba alidanganya. Alikuwa miongoni mwa waliofyatua risasi siku ya kutekwa Schleyer.

Familia za waliouawa zinataka nini?

Hazitaki kitu kimoja, tusizisemee. Wapo waliotaka jela hadi mwisho. Wapo wasiotaka hata kuziona sura zile kwenye televisheni, na wamelalamika kwa miaka kwamba kila mtoto wa shule anamjua Baader lakini hakuna anayemjua dereva Marcisz.

Julia Albrecht, mdogo wake Susanne, alikuwa na umri wa miaka 13 dada yake alipowaingiza wale watu na maua. Ponto alikuwa baba yake wa ubatizo. Familia mbili zilizokula pamoja zikakata mawasiliano siku hiyo. Miaka 30 ilipita kabla Julia hajamwandikia Corinna, binti wa Ponto. Wakajibizana, wakaonana, na mwaka 2011 wakatoa kitabu pamoja.

Maier-Witt, baada ya jela, alisomea saikolojia, akaenda Kosovo kufanya kazi ya amani baada ya vita vya huko, kisha akatulia Skopje, Makedonia Kaskazini. Mwishoni mwa mwaka 2017 Jörg Schleyer, mtoto wa yule aliyetangazwa kifo chake kwa simu, alisafiri hadi kwake. Walikaa kwa saa kadhaa. Maier-Witt alianza kwa kuomba msamaha, akisema anajua maneno hayo ni mepesi. Kisha akajibu maswali. Naamini hayo majibu ndiyo yaliyokuwa na uzito. Msamaha mtu anaweza kuunyima, lakini aliyemzika baba yake ana haki ya kujua saa zake za mwisho zilikuwaje.

Bado wapo wanaojificha?

Ndiyo, ingawa mmoja wao amepatikana. Tarehe 26 Februari 2024 polisi walimkamata Daniela Klette katika fleti ya kupanga mtaa wa Kreuzberg, Berlin, baada ya zaidi ya miaka 30 mafichoni. Majirani walimjua kwa jina jingine. Alikuwa akifanya mazoezi ya kapoera hadharani. Aliposimamishwa kizimbani mwaka 2025 kesi ya kwanza ilihusu uporaji wa magari ya fedha na maduka, wizi wa kujikimu uzeeni, usio na mapinduzi ndani yake.

Kwa nini hadi leo haijulikani nani aliua nani?

Kwa sababu wengi wa walioshikilia hadi mwisho waliapa kunyamaza, na kiapo hicho kimekuwa na nguvu kuliko jela. Sheria nayo inawafunga kwa njia ya ajabu. Mwaka 1979 Bunge liliondoa ukomo wa muda wa kushtaki kosa la mauaji, ili wauaji wa enzi ya Hitler wasiponyoke. Kwa hiyo anayesema leo "nilikuwepo" anaweza kushtakiwa leo, na asiyetaka kujitia hatiani ana haki ya kukaa kimya. Watoto waliowalaani baba zao kwa kunyamaza wamezeeka, na wao wananyamaza.

Tarehe 7 Aprili 1977 mjini Karlsruhe pikipiki yenye watu wawili ilisimama kando ya gari la Mwendesha Mashtaka Mkuu Siegfried Buback kwenye taa za barabarani. Aliyekaa nyuma alifyatua. Walikufa Buback, dereva Wolfgang Göbel na Georg Wurster. Watu kadhaa walifungwa kwa kushiriki mpango huo. Michael Buback, profesa wa kemia, aliacha utafiti wake ukae kando akaanza kuchimba mafaili ya baba yake. Pamoja na mkewe alikaa mahakamani Stuttgart kuanzia 2010 katika kesi ya Verena Becker, mwanachama wa zamani wa RAF. Mwaka 2012 Becker alipewa miaka 4 kwa kusaidia, na mahakama haikuona ushahidi kwamba alikuwa kwenye pikipiki. Wenzake wa zamani waliitwa mmoja mmoja kutoa ushahidi. Wakaingia, wakataja majina yao, wakakataa kujibu, wakatoka.